Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupiga picha seli zikiwa hai kwa hadubini ya konfoko

Haya maswali yanatoka kwa wanafunzi wa masta na PhD, mafundi wa maabara na madaktari watafiti wa Kampala, Entebbe, Mbarara na Gulu, na mengi yanarudi kila muhula kwa maneno yale yale, kwa hivyo tumeyaweka pamoja. Kama ni mgeni anza juu. Kama mashine unaijua tayari, ruka mpaka sehemu ya afya ya seli, maana hapo ndo kazi nyingi zinaharibikia.

## Ya msingi

1. Hadubini ya konfoko inatofautiana vipi na ile ya kawaida ya floresensi, yaani ya rangi zinazong'aa zikipigwa na mwanga?

Ile ya kawaida inamulika sampuli yote kwa pamoja kutoka juu mpaka chini, alafu mwanga wa sehemu zilizo nje ya fokasi unaingia nao kwenye picha, ndo maana seli nene inaonekana kama vilima vya Kabale asubuhi, ukungu mtupu. Konfoko inafanya hivi: lenzi inaibana leza mpaka inakuwa nukta moja ndogo, hiyo nukta inatembezwa juu ya seli mstari kwa mstari, na mbele ya detekta kuna kitundu kidogo sana kinachopitisha mwanga uliotoka pale kwenye nukta tu. Mwanga wa juu yake na wa chini yake unazuiwa pale kwenye kitundu, haufiki kwa detekta. Unapata kipande chembamba cha seli bila kuikata, ukisogeza fokasi kidogo kidogo unapata vipande vingi, na kompyuta inavipanga kuwa umbo la pande tatu.

Wazo ni la Marvin Minsky wa Marekani, aliyeomba hataza mwaka 1957 akaipata 1961. Alitaka kuona seli za neva zilivyoungana ndani ya ubongo. Wakati huo leza hazikuwepo na kompyuta zilikuwa duni, kwa hivyo baiolojia ilianza kuitumia kwa wingi miaka ya 1980.

2. Inaona kitu kidogo kiasi gani?

Ukiwa na lenzi nzuri ya mafuta, karibu nanomita 200 kwa upana na kama nanomita 500 hadi 700 kwa kina. Chembe nyekundu ya damu ina maikromita 7 hadi 8, kwa hivyo hiyo ni kubwa sana kwa konfoko, na mitokondria utaziona vizuri. Ribosomu hutaziona. Kirusi kimoja cha HIV chenye rangi kitaonekana kama nukta inayong'aa lakini umbo lake hutalijua, na viwili vikikaribiana sana utaona kimoja. Watu wengi wanakuja wakisema "nataka kuona protini A ikishika protini B", hapana, konfoko inakuonyesha tu kwamba ziko eneo moja, soma swali la 23.

3. Kwa nini nihangaike na seli hai wakati naweza kuzigandisha kwa formalini nikapiga picha kwa utulivu?

Kama swali lako ni "hii protini inakaa wapi", basi zigandishe tu, ni rahisi na bei ni nafuu, hakuna mtu atakulaumu. Seli hai unazihitaji pale swali lako lina neno lini, kwa kasi gani, kutoka wapi kwenda wapi, ama nini kinatangulia nini. Kimelea cha malaria kinaingia ndani ya chembe ya damu kwa muda wa kama dakika moja hivi, na kwenye slaidi iliyogandishwa utapata vilivyo nje na vilivyo ndani, hutaona namna kilivyojigeuza na kusukuma. Pia dawa ya kugandisha inaweza kubadilisha maumbo membamba, mfano mitokondria, ukaandika kwenye tasnifu kitu kilichotengenezwa na formalini.

4. Je ni lazima konfoko?

Si lazima, na tunasema hivi kwa moyo wote ingawa ndo kazi yetu. Seli zilizolala bapa kwenye kioo, kama HeLa (seli za saratani zinazokuzwa sana maabara), hadubini ya kawaida ya floresensi yenye kamera nzuri inazipiga picha haraka na kwa mwanga kidogo zaidi. Konfoko inalipa pale kitu ni kinene: tishu, vinundu vya seli, utumbo wa mdudu, ama seli za duara zenye vitu vingi juu na chini. Kuna wanafunzi wanaandika konfoko kwenye pendekezo la utafiti kwa sababu supavaiza anapenda jina, alafu bajeti yote inaishia kwenye saa za mashine.

## Mashine na mipangilio

5. Leza ya nukta moja na diski inayozunguka, nichague ipi?

Ya nukta moja inapita pikseli moja moja. Piga hesabu mwenyewe: picha ya pikseli 512 kwa 512 ni pikseli 262,144, ukikaa maikrosekunde 2 kwa kila moja ni nusu sekunde hivi kwa picha moja, bado hujaongeza rangi ya pili wala vipande vya kina. Kwa seli inayotambaa polepole hiyo inatosha kabisa. Kwa kalsiamu inayopiga mawimbi ama kimelea kinachoogelea haitoshi. Mashine zingine zina kioo cha resonanti, yaani kinachotetemeka kwa kasi, kinachofika picha 30 kwa sekunde, lakini kila picha inakuwa na mikwaruzo mingi (chenga chenga za mwanga mdogo).

Ya diski inatumia sahani yenye vitundu vingi sana, wazo la Paul Nipkow la mwaka 1884, kwa hivyo nukta nyingi zinamulika kwa wakati mmoja na kamera inapokea zote. Ni ya haraka, na kwa kawaida ni ya upole zaidi kwa seli hai kwa sababu kila nukta haipigwi na leza kali mno. Udhaifu wake uko kwenye sampuli nene, mwanga wa vitundu jirani unapenya na ule ukungu unarudi kidogo. Kama maabara ina zote mbili na seli zako ni bapa na hai, chukua ya diski.

6. Lenzi ya mafuta ama ya maji?

Angalia namba ya NA ubavuni mwa lenzi, inayoonyesha uwezo wake wa kukusanya mwanga. Ya mafuta yenye 1.4 inakusanya mwanga mwingi na ni nzuri kwa kitu kilicho karibu na kioo. Tatizo ni kwamba seli hai zinakaa kwenye maji, na mafuta yanapinda mwanga kwa kiwango cha 1.52 wakati maji ni 1.33, kwa hivyo ukishuka zaidi ya maikromita 10 hadi 20 picha inaanza kuvutika na kufifia. Hapo lenzi ya maji yenye 1.2 inashinda hata kama namba yake ni ndogo. Kwa video ya usiku mzima maji yanakauka, kuna majimaji maalum ya kutengenezwa yenye kupinda mwanga kama maji ila hayakauki, yaulizie.

Kioo cha chini kiwe namba 1.5, yaani unene wa milimita 0.17. Sahani ya plastiki ya kawaida ina unene wa kama milimita moja, lenzi ya mafuta haifikii fokasi, na kila mwezi kuna mtu anakuja na seli nzuri kabisa kwenye plastiki tunamrudisha nyumbani.

7. Nipe mipangilio ya kuanzia basi.

Leza asilimia 1 ama chini yake, geini ya detekta (inavyokuza ishara) juu kiasi, kitundu kwenye kipimo cha Airy 1, yaani upana sawa na nukta ya mwanga inayotengenezwa na lenzi. Tafuta seli zako kwa mwanga wa kawaida wa taa, usizitafute kwa leza, na usiache mashine inaskani mfululizo huku unafikiria ama unajibu simu, hicho ndo kitu kinaua seli nyingi kabla hata hujaanza. Ukipata seli, skani mara moja, angalia, zima.

Picha ikiwa hafifu, fungua kitundu mpaka 1.5 ama 2 kwanza. Utapoteza kidogo wembamba wa kipande lakini mwanga unaongezeka bila kuigusa leza. Alafu punguza vipande vya kina, ongeza muda kati ya picha na picha. Leza iwe kitu cha mwisho kuongeza. Picha ya seli hai ikiwa na mikwaruzo kidogo lakini inapimika, hiyo ni picha nzuri, ile laini ya kuweka kwenye jalada la jarida ipige kwenye seli zilizogandishwa.

## Rangi na protini zinazong'aa

8. Naweza kutumia rangi ya DAPI kuona kiini cha seli hai?

DAPI haiingii vizuri kwenye seli hai. Hoechst 33342 inaingia, lakini zote zinataka leza ya nanomita 405 ama mwanga wa UV, na rangi yenyewe imeshikamana na DNA, kwa hivyo unaichoma DNA pale pale ilipo. Kwa picha moja ya haraka sawa. Kwa video ya masaa, hapana. Tumia rangi ya mwanga mwekundu wa mbali kama SiR-DNA, ama seli zenye histoni H2B (protini inayoshikana na DNA) iliyounganishwa na mCherry, protini nyekundu inayong'aa. Kanuni ya kushika ni kwamba mwanga ukielekea wekundu, seli inaumia kidogo zaidi.

9. GFP, ile protini ya kijani inayong'aa, ilitoka wapi na ina mitego gani?

Ilitolewa kwenye kiwavuwavu wa baharini Aequorea victoria, Osamu Shimomura akaieleza mwaka 1962, Martin Chalfie akaonyesha mwaka 1994 kwamba jeni yake inafanya kazi ndani ya bakteria na minyoo, Roger Tsien akaielewa na kuiboresha mpaka tukapata rangi nyingi, na watatu hao wakapewa Nobel ya kemia 2008. Uzuri wake ni kwamba seli inajitengenezea rangi yenyewe, huimwagii kitu.

Mitego iko mitatu inayotusumbua hapa. Kwanza, ukilazimisha seli kutengeneza protini nyingi kupita kiasi inarundikana mabonge, na mtu anaandika "protini yangu inakaa kwenye vinukta" kumbe ni takataka. Chagua seli zinazong'aa kidogo, si zile zinazowaka. Pili, GFP inafifia kwenye asidi, kwa hivyo ndani ya lisosomu inaweza kuwepo na usiione, hapo mCherry inavumilia zaidi. Tatu, inahitaji oksijeni ili ianze kung'aa, kwa hivyo wenye vimelea vinavyokaa bila oksijeni kama Giardia wanahitaji mbinu tofauti tangu mwanzo, vitambulisho kama SNAP ama Halo vinavyopokea rangi ya kumwagwa.

10. Nina rangi mbili na moja inaonekana kwenye chaneli ya nyingine, nifanye nini?

Skani chaneli moja baada ya nyingine badala ya zote kwa pamoja. Kwa seli hai badilisha chaneli kila mstari, si kila picha, la sivyo kitu kitakuwa kimeshasogea na rangi hazitakutana. Na daima leta sahani yenye rangi moja tu na nyingine isiyo na rangi kabisa. Bila hizo sahani hatuwezi kukusaidia kujua kipi ni kweli.

## Afya ya seli

11. Nitajuaje kama mwanga unaziumiza seli zangu?

Hili ndo swali tunatamani kila mtu aulize. Rangi ikipigwa na leza baadhi ya nishati inaenda kwa oksijeni, zinatokea molekuli kali zinazoshambulia utando, protini na DNA. Kupauka kwa rangi unakuona kwa macho. Kuumia kwa seli hukuoni mpaka umechelewa, na seli inaweza kuwa inang'aa vizuri tu huku imeshaacha kuishi maisha yake ya kawaida.

Dalili za kutazama: mitokondria zilizokuwa ndefu kama nyuzi zinakatika na kuwa viduara, utando unatoa mapovu, seli inajikunja na kuachia kioo, vishimo vinatokea ndani. Lakini kabla ya hizo zote kuna dalili ya kimya, seli zinachelewa kugawanyika ama zinaacha kabisa. HeLa kwa kawaida inagawanyika kila baada ya siku moja hivi na mgawanyiko wenyewe unachukua kama saa moja. Ukiona seli imekaa masaa matatu manne imejiviringa katikati ya kugawanyika, usikimbilie kusema ni dawa yako imefanya hivyo.

Jaribio lenyewe ni rahisi na halina gharama. Kwenye sahani ile ile chagua maeneo matatu: moja lipige picha kama ulivyopanga, la pili kwa nusu ya mwanga, la tatu usiliguse kabisa na leza. Kesho yake hesabu seli maeneo yote kwa mwanga wa kawaida. Kama lile lisiloguswa limeongezeka na lako halijaongezeka, mipangilio yako ni mikali, na matokeo yote ya hiyo video hayafai kuzungumzia biolojia. Fanya kabla ya jaribio kubwa, si baada ya mchunguzi wa jarida kukuuliza. Na pia weka sahani yenye dawa bila leza, na yenye leza bila dawa, maana mara nyingi dawa na mwanga vinaumiza kwa kushirikiana.

Kitu kimoja zaidi watu hawakiamini mpaka wakione: kiasi kile kile cha mwanga kikitolewa polepole kwa nguvu ndogo kwa kawaida kinaumiza kidogo kuliko kikitolewa kwa mshindo mmoja mkali.

12. Joto 37 na CO2 asilimia 5, hiyo inatosha?

Joto ndiyo, ila pima ndani ya sahani yenyewe, usiamini namba ya kwenye skrini. Lenzi ya mafuta inagusana na kioo na ni chuma kizito, inanyonya joto la seli pale pale unapopiga picha, kwa hivyo kama hakuna kipasha joto cha lenzi, seli zako zinaweza kuwa digrii kadhaa chini huku skrini inasema 37.

Kwa CO2 kuna jambo la kwetu. Asilimia 5 iliyoandikwa kwenye protokali nyingi inachukulia uko usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi, kwa hivyo asilimia 5 ya hapa ina msukumo wa gesi mdogo, na pH ya midia (majimaji ya kukuzia seli) inapanda kwa kama 0.06. Kabale karibu mita 2,000 ni kama 0.1. Seli nyingi sugu hazitajali. Kama unapima kitu chenyewe kinachotegemea pH, panda mpaka karibu asilimia 5.7 Kampala, na uhakikishe kwa kupima pH, si kwa kukisia kwa rangi ya midia.

Mtungi wa CO2 ukinunua kwa wauza gesi uliza kama ni CO2 tupu, maana ya kuchomelea vyuma wakati mwingine imechanganywa na argoni.

13. Gesi hamna kabisa, naweza kufanya chochote?

Kwa masaa machache ndiyo, tumia midia yenye HEPES (kemikali inayoshikilia pH) ya milimola 10 hadi 25, ama midia isiyohitaji CO2. Ikae gizani, kwa sababu HEPES pamoja na riboflavini ikipigwa na mwanga inazalisha peroksidi, na hiyo ni sumu. Na kama rangi ya fenoli iko kwenye midia yako itafutie isiyo nayo, ile nyekundu inaongeza mng'ao wa nyuma bila faida.

14. Fokasi inahama usiku, asubuhi nakuta picha nyeusi.

Karibu kila mara ni joto. Chuma kinapanuka kikipata joto, maikromita chache tu na seli imeshatoka. Washa kisanduku cha joto angalau saa moja hadi mbili kabla, sahani nayo ikae humo nusu saa kabla ya kuanza, AC isipulize moja kwa moja kwenye mashine na mlango usifunguliwe funguliwe. Kama mashine ina mfumo wa kushika fokasi kwa mwanga wa infraredi, uwashe. Usijaribu kutibu kwa kupiga vipande vingi vya kina "ili angalau kimoja kiwe sawa", hiyo ni leza mara kumi kwa seli zile zile, rudi swali la 11.

## Vimelea na seli za kwetu

15. Seli zangu zinaelea, zinakimbia kwenye picha.

Chembe nyekundu za damu zishikishe kwa konkanavalini A (protini inayonata kwenye seli) iliyopakwa kwenye kioo. Seli za limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa daktari hapa Mulago, nazo zinaelea kama limfosaiti nyingi, kwa hizo wengi wanatumia polilaisini, lakini jua kwamba kushikishwa kunaweza kuisumbua seli, kwa hivyo linganisha na zilizo huru. Agarosi inayoyeyuka kwa joto dogo ni njia ya upole pia.

Kwa malaria kuna ziada. Plasmodium falciparum inakula himoglobini na kuacha chembe za hemozoini, zile nyeusi nyeusi, na hizo zinafyonza mwanga. Kimelea kikikomaa chembe zimejaa na leza ya bluu ikizidi kidogo seli inapasuka mbele ya macho yako. Punguza, tumia rangi za wekundu, na kumbuka kinataka oksijeni kidogo, karibu asilimia 5 ama chini, kwa hivyo sahani iliyo wazi kwenye hewa ya kawaida si nyumba yake.

16. Na vimelea vya malale?

Uganda ndo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale ya binadamu, gambiense kaskazini magharibi na rhodesiense upande wa kusini mashariki na katikati, kwa hivyo swali hili linaulizwa sana. Kwa kujifunza usianze na hizo, anza na Trypanosoma brucei brucei ya maabara ambayo damu ya binadamu inaiua. Umbo la ndani ya mbung'o linakuzwa kwa joto la 27, la ndani ya damu kwa 37, usiyachanganye kwenye kisanduku cha hadubini.

Shida ni mwendo, halitulii hata sekunde. Ukitaka kuona ndani yake, lizuie kwa agarosi. Ukitaka kuona linavyoogelea, usilizuie, tumia diski na kamera ya kasi kubwa. Mtu mmoja hawezi kujibu maswali yote mawili kwa video moja, na hapo ndo tunawaona wengi wakikwama.

17. Naweza kuleta TB hai ama virusi hatari?

TB hai haiingii kwenye chumba cha hadubini cha kawaida, inahitaji maabara ya usalama wa ngazi ya 3 na hadubini iliyo humo ndani. Tumia BCG (bakteria dhaifu wa chanjo ya TB) ama M. smegmatis, ndugu yake asiye hatari, kwa kuanzia, kwa idhini ya kamati ya usalama wa maabara, ama iue kwanza kwa protokali iliyothibitishwa. Ebola na Marburg hata usiulize. Damu ya mgonjwa ichukulie kama ina maambukizi mpaka ithibitike vingine, chombo kifungwe vizuri, maana kikimwagika juu ya lenzi ni hatari kwako na kwa anayekufuata.

## Mazingira ya kazi hapa nyumbani

18. Umeme ukikatika katikati ya video?

UPS ya kushikilia mashine nzima na si kompyuta peke yake, na jenereta iwe na muda wa kuwaka kabla betri haijaisha. Mashine za zamani zenye leza ya argoni zinahitaji feni iendelee kupuliza dakika kadhaa baada ya kuzimwa, umeme ukienda ghafla mrija unaungua na bei yake inatisha. Taa ya zebaki ikizimika usiiwashe tena mpaka ipoe, kama nusu saa. Na weka programu ihifadhi faili kila baada ya picha kadhaa, isisubiri mwisho.

19. Kwa nini mnatukataza kuacha lenzi nje msimu wa mvua?

Kuvu. Unyevu ukikaa, kuvu inaota ndani ya lenzi, inaonekana kama nyuzi nyuzi, na ikishakula ile tabaka ya juu ya kioo hakuna kusafisha kutakakoirudisha. Zikae kwenye kabati kavu lenye jeli ya silika inayobadilishwa. Mafuta yafute kwa karatasi ya lenzi, si tishu ya chooni, ina vumbi linalokwaruza.

20. Sahani za kioo ni ghali na zinachelewa kufika.

Tengeneza. Toboa tundu chini ya sahani ya plastiki ya milimita 35, bandika kioo cha namba 1.5 kwa silikoni isiyo na sumu, acha ikauke kabisa, osha kwa ethanoli, mulika UV. Jaribu kwa maji usiku mzima kabla ya kuweka seli, ikivuja utajua mapema.

21. Seli ziko Mbarara na mashine iko Kampala, nizisafirisheje?

Jaza chupa ya seli midia mpaka shingoni kusiwe na hewa ya kuitikisa tikisa, kaza kifuniko, funga parafilmu, weka ndani ya boksi la kuhifadhi joto. Kwenye basi kaa nayo miguuni, isiwekwe kwenye buti ya jua kali wala juu ya injini. Seli nyingi zinavumilia siku nzima hivyo. Ukifika, mwaga midia ya ziada, zirudishe inkubeta, na uzipe usiku mmoja kupumzika kabla ya leza. Kabla ya safari zipime mykoplazma (bakteria wadogo wanaochafua seli), maana ukileta zilizochafuka zitaambukiza za wenzako wote.

22. Vibali?

Sampuli za binadamu zinahitaji kamati ya maadili ya taasisi yako na usajili wa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda. Sampuli zikitoka nje ya nchi lazima mkataba wa kuhamisha sampuli. Anza mapema.

## Picha, data na yanayobaki

23. Rangi mbili zimelingana, naandika zimeungana?

Andika ziko eneo moja, ndani ya mipaka ya hadubini, ambayo ni nanomita 200. Ndani ya nafasi hiyo protini nyingi zinaenea bila kugusana. Kuungana kunahitaji FRET (kupima nishati inayoruka kati ya rangi mbili zilizokaribiana sana) ama njia ya kibiokemia. Na usionyeshe seli moja nzuri, hesabu kwa seli nyingi kutoka sahani tofauti za siku tofauti.

24. Nilete fleshi ya ukubwa gani?

Fleshi haitoshi. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024 yenye biti 16 ni MB 2. Ukipiga rangi mbili, vipande 15, kila dakika 5 kwa masaa 12, unapata karibu GB 9 kwa eneo moja, na wengi wanapiga maeneo kumi. Leta hard disk ya nje na uwe na nakala ya pili mahali pengine siku hiyo hiyo.

Faili la asili la mashine usilifute kamwe, humo ndo kuna kumbukumbu ya leza, geini, lenzi na saa. Kulifungua tumia programu ya Fiji, ni ya bure na inasoma mafaili ya kampuni nyingi. Kuongeza mwangaza wa picha nzima kunaruhusiwa ukifanya sawa kwa picha zote unazolinganisha na ukaandika. Kung'arisha seli moja tu, ama kufuta nukta inayokukera, ni udanganyifu hata kama nia yako ilikuwa usafi.

25. Chuo changu hakina konfoko na pesa hakuna.

Anza kwa kuuliza vyuo na taasisi zilizo karibu, mashine nyingine zinakaa bila kazi kwa sababu hakuna anayejua zipo. Kuna pia Africa Microscopy Initiative, kituo chake kiko Chuo Kikuu cha Cape Town, kinapokea maombi ya watafiti kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Ombi lako litakuwa na nguvu kama tayari una picha za hadubini ya kawaida zinazoonyesha kwamba seli zako ziko hai, zinagawanyika na rangi yako inafanya kazi, pamoja na lile jaribio la maeneo matatu la swali la 11. Hayo yote unaweza kuyafanya ukiwa Gulu ama Soroti kwa hadubini ya floresensi iliyopo, kabla hujaomba hata saa moja ya konfoko.